Taa za usiku kwa krisanthemamu: punguza uniti, usipunguze shina

Juzi nilimtembelea kijana mmoja nikakuta krisanthemamu zake zimechanua zikiwa fupi, mnunuzi amezikataa. Aliogopa bili ya umeme, akaacha kuwasha taa mapema mno.

Ua hili husubiri usiku mrefu ndipo lichanue. Kwetu karibu na ikweta usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, hivyo bila taa linachanua kabla shina halijarefuka. Huna haja ya kuangaza usiku kucha. Ukate katikati tu: saa nne usiku hadi saa nane.

Sasa piga hesabu. Balbu 100 za zamani, za wati 100, kwa saa 4 zinakula uniti 40. LED za wati 12, zenye mwanga mwekundu wa kutosha, ni uniti 4.8. Ukifunga taima ziwake dakika 10, zizime 20, unabaki na 1.6.

Jaribu tuta moja kwanza, na hakikisha hakuna kona yenye giza. Shina likirefuka vya kutosha, hapo sasa zima taa, liachie lichanue.