Haki za Mwenzi wa Chuo Baada ya Kuzeeka

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba watu waliosoma pamoja wana haki baina yao. Haki hizi ni nyepesi katika ujana, kwani chuo huwakutanisha kila siku bila ya taabu. Huwa nzito katika uzee, kila mmoja akiwa kwake, kazi amekwisha iacha, miguu inamuuma, na mwenye kumtaka mwenziwe hana budi kumkusudia. Hapo ndipo hubainika nani alikuwa sahibu, na nani alikuwa jirani wa mkeka tu.

FASLI YA KWANZA: Kutunza ahadi ya zamani

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume S.A.W., baada ya kufa Bibi Khadija, alikuwa akichinja mbuzi akiwapelekea sehemu rafiki zake Khadija. Na amepokea Hakim khabari ya bibi mzee aliyemjia Mtume akampokea kwa furaha kubwa. Bibi Aisha alipouliza sababu, alielezwa kuwa mzee yule alikuwa akiwajia siku za Khadija, na kwamba kutunza vyema ahadi ya zamani ni katika imani. Basi ikiwa rafiki wa mke aliyekufa ana haki hiyo, itakuwaje haki ya mtu uliyesoma naye juzuu moja, mkaogopa bakora moja, mkala sinia moja?

Na hapa Unguja upo mfano ulio wazi. Sheikh Abdalla Bakathir alizaliwa Lamu mwaka 1860, na Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Umri wao ulikaribiana, lakini Sheikh Abdalla hakuona haya kusoma kwa Sayyid Ahmad. Mmoja alikuwa kadhi, na mmoja alikuwa na madrasa yake Ukutani. Sheikh Abdalla alisafiri Hadhramaut mwaka 1897, akafika pia Cape Town kusuluhisha khitilafu ya Waislamu wa huko. Safari hizo hazikuukata usahibu wao. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Mwenyezi Mungu awarehemu.

FASLI YA PILI: Sababu ya kutawanyika

Wazee wa leo walio katika miaka 80 walisoma vyuo vya mitaani, kisha baadhi yao wakaingia Muslim Academy, au shule za serikali, au chuo cha waalimu cha Beit el-Ras. Ikawakuta zama ya siasa. Kuanzia uchaguzi wa mwaka 1957 mpaka ule wa 1963, khitilafu za vyama ziliingia madukani, barazani na misikitini, hata walikuwako watu waliosusiana maziko. Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Waliotoka walitoka: wengine Dar es Salaam na Mombasa, wengine Dubai na Uingereza; na baada ya mwaka 1970 wengi wakaenda Oman. Waliobaki walifanya kazi zao maskulini, mahospitalini na bandarini, mpaka wakastaafu. Katika waliokuwa darasa moja, mmoja leo yuko Maskati, mmoja yuko Malindi, na mmoja amehamia Amani.

Na la ajabu ni hili: wa Malindi humpigia simu wa Maskati kila Ijumaa, na wa Amani, ambaye mtu huweza kumwendea kwa miguu, hajaingia mlangoni kwake tangu mwaka juzi. Yafaa sasa kutazama sheria inasemaje juu ya wawili hawa.

FASLI YA TATU: Salamu

Suala: Mtu akiletewa salamu kwa barua au kwa mjumbe, je, yampasa kujibu?

Jawabu: Yampasa. Amesema Imamu Nawawi kuwa kujibu salamu ya barua au ya mjumbe ni wajibu, na ni papo hapo inapomfikia. Na salamu ya simu hukumu yake hukisiwa juu ya hiyo. Ikiwa imepelekwa kwa jamaa wengi pamoja, akijibu mmoja wao imewatosha wote. Lakini bora wajibu wote. Na mwenye kuambiwa "nisalimie fulani" akakubali, amekwisha chukua amana, na amana haina budi kufikishwa. Wangapi wametumwa salamu za wenzi wao wakazisahau uwanja wa ndege, na huku anayesalimiwa amelala kitandani akidhani amesahauliwa yeye!

FASLI YA NNE: Kuzuru

Katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu ni kumzuru akiugua na kulifuata jeneza lake. Na amepokea Muslim kisa cha mtu aliyetoka kwenda kumzuru nduguye katika mji mwingine, Mwenyezi Mungu akamwekea malaika njiani. Malaika akamuuliza kama ana maslaha yo yote anayoyafuata kwa nduguye. Akasema hana, ila anampenda kwa ajili ya Mungu. Akabashiriwa kuwa Mungu naye anampenda kama alivyompenda nduguye. Huyo alivuka mji mzima. Na anayekaa Malindi havuki ila Darajani.

Na adabu ya kumzuru mgonjwa ni kutokaa sana, kumwombea dua, na kumtaka naye akuombee. Mtu asiseme, "Sina cha kumpelekea." Mzee aliyekwisha acha kazi hangojei kikapu. Angojea mtu atakayemwita kwa jina alilokuwa akiitwa chuoni, ambalo watoto wake hawalijui.

FASLI YA TANO: Waliokatana

Suala: Wawili walisoma pamoja, wakagombana kwa ajili ya siasa kabla ya mwaka 1964, na hata leo hawasemezani. Nini hukumu yao?

Jawabu: Haikuwahalalikia. Mtume S.A.W. amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, na amebainisha kuwa mbora wao ni yule anayeanza salamu. Siku ni 3, na hawa wamepitisha miaka 60. Vyama vile vimekwisha ondoka, na waliovianzisha wako makaburini. Yaliyobaki ni madhambi ya nyoyo mbili.

Suala: Kama mmoja hayuko nchini, barua yatosha?

Jawabu: Wanavyuoni wa madhehebu yetu wana kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi, kama alivyotaja Imamu Nawawi, ni kuwa dhambi huondoka kwa barua au mjumbe, kwani uchungu uliokuwa baina yao umeondoka. Lakini fahamu vyema: hayo yametajwa kwa aliye mbali. Aliye mji mmoja na mwenziwe na aondoke akamsalimu kwa ulimi wake.

FASLI YA SITA: Deni na mauti

Wenzi wa chuo hukopeshana, na deni la ujana husahauliwa. Amepokea Tirmidhi kuwa roho ya muumini hufungwa na deni lake mpaka lilipwe. Basi akumbukaye deni na alipe, na mwenye kudai akitaka asamehe. Lakini katika madhehebu ya Shafi'i kusamehe deni lisilojulikana kadiri yake hakusihi. Aliyesahau kadiri na ataje kiasi anachoyakinisha kuwa deni halikukizidi, amsamehe mwenziwe mpaka hapo.

Na likija jeneza, aliye mbali ana rukhsa. Mtume S.A.W. alimsalia Najashi, mfalme wa Habash, naye yuko Madina. Kwa hivyo Imamu Shafi'i amejuzisha sala ya ghaibu, nao Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik hawakuijuzisha. Akifa mwenzi Maskati au London, wenzi wake wa Unguja humsalia, kwa sharti awe amekwisha oshwa, na mwenye kusali awe siku ya kufa kwake alikuwa miongoni mwa waliopasiwa na sala hiyo. Ama aliyekufa Amani, aliye Malindi hawezi kumsalia ghaibu akiwa kwake. Sharti ahudhurie.

Basi tazama, ewe msomaji, namna mambo haya yanavyofuatana. Aliye mbali, sheria imempunguzia: barua yake inatosha, na sala yake ya mbali inasihi. Aliye karibu haikumpunguzia, bali imemtaka aende kwa miguu yake. Na watu wengi wameligeuza jambo hili: wanamtunza wa mbali na kumwacha wa karibu, kisha wanakutana naye juu ya jeneza.

KHATIMA

Haki hii haimaliziki kwa mauti. Amepokea Muslim kwamba Abdullahi bin Omar alikutana na bedui njiani kuendea Makka, akampa punda wake na kilemba chake, kwa kuwa baba wa bedui yule alikuwa rafiki wa baba yake. Kila mzee na awatajie watoto wake majina ya wenzi wake wa chuo, walio hai na waliokufa, na nyumba zao, ili wajue nani wa kumpelekea khabari na nani wa kumwombea. Na anayekumbuka sasa hivi jina la mwenzi aliye mtaa wa pili asingoje Ijumaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa marafiki ambao Siku ya Kiyama urafiki wao hautageuka uadui, nao ni wachaji, kama ilivyobainishwa katika Sura ya Zukhruf. Amin.