Kitabu cha Simuni: Kuazima au Kupewa?

Wengi wetu huku Kate tunajiuliza: kitabu kilichomo kwenye simu kinawezaje "kuisha" maktabani hata tukisubiri zamu? Maktaba hulipia leseni, na mara nyingi leseni moja ni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Siku za kuazima zikiisha, kitabu hujifunga, kisha humfungukia anayefuata.

Kwa hiyo, kuvunja kufuli hilo na kurusha faili kwenye kundi la WhatsApp kunagusa Amri ya Saba. Jasho la mwandishi halilipwi.

Hata hivyo, asiye na fedha hakuachwa. LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, hutoa bure vitabu vya kusikiliza, vilivyosomwa na watu wa kujitolea, ambavyo hakimiliki yake Marekani imekwisha. Humo yamo Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kwa Kiingereza. Tupakue penye mtandao mzuri, tusikilize baadaye bila bando, hata shambani.

Tusidhani kusikiliza ni uvivu. Katika Maungamo, Augustino anasimulia alivyoshangaa kumwona Mtakatifu Ambrosi akisoma kimya, maana enzi hizo kusoma kwa sauti kulikuwa jambo la kawaida.

Basi, kabla ya kumtumia mwenzetu faili, tujiulize: hiki tumepewa, au tumeazima?