Betri Inakufa Kila Mara? Pima Regulata Kabla ya Kununua

Ndugu zetu wa vikundi, somo letu safari hii ni juu ya kifaa kidogo kinachomaliza pesa za wenye pikipiki za zamani. Kifaa hicho ni regulata. Pikipiki inayobeba maziwa asubuhi ndiyo hiyo hiyo inampeleka mama mjamzito hospitali usiku, na taa ikizima ghafla kwenye kona, mambo ni mabaya.

Tuelewe kwanza kazi yake. Upande wa magneti, ndani ya injini, kuna koili zinazotengeneza stima injini ikizunguka. Stima hiyo ni ya kwenda na kurudi, na kadiri unavyovuta mafuta ndivyo inavyopanda. Betri haiwezi kuipokea hivyo. Regulata huigeuza ielekee upande mmoja, tena huizuia isipite kiasi. (Kuna pikipiki kuukuu zenye kigeuzi peke yake, bila kizuizi. Kwa hizo betri yenyewe ndiyo hushikilia stima isipande, na betri ikichoka balbu zinaanza kuungua.)

Regulata ikiharibika huonyesha dalili za aina mbili. Ikiachilia stima yote ipite, balbu zinaungua ukivuta mafuta, maji ya betri yanakauka upesi, na betri inapata joto na kunuka kama yai viza. Ikikataa kupitisha, taa ni hafifu, honi inakohoa, na asubuhi betri imelala. Hapo wengi wetu hukimbilia dukani kununua betri. Betri mpya inafanya kazi wiki chache, halafu mchezo ni ule ule, na mweka hazina anaulizwa pesa zimeenda wapi.

Kwa hivyo tupime. Mita ndogo ya kupimia stima bei yake ni chini ya betri moja, na kikundi kizima kinaweza kuitumia miaka mingi.

Hesabu vifuniko vya betri. Vikiwa vitatu, hiyo ni betri ya volti 6. Vikiwa sita, ni ya volti 12. Isiyo na vifuniko, soma maandishi yake. Jambo hili ni la maana kwa sababu pikipiki za zamani ziko za aina zote mbili, na regulata ya moja haifai kwa nyingine. Vipimo vifuatavyo ni vya volti 12.

Weka mita kwenye DC, alama ya 20. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, betri nzima itaonyesha kama 12.4 hadi 12.8. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe kwanza, maana betri mbovu hudanganya vipimo vyote. Washa injini, mwenzako avute mafuta kiasi. Namba ikisimama kati ya 13.5 na 14.8, regulata yako ni nzima, usiiguse. Ikipita 15, stima haizuiliwi. Isipopanda kabisa, betri haichajiwi.

Lakini bado usinunue! Regulata nyingi zinatupwa bure, na kosa liko kwenye waya. Huku kwetu matope na mvua huingia kwenye soketi, chuma kinaota kutu, na waya wa athi unapoteza mguso na bodi. Injini ikinguruma, gusa waya wa athi wa regulata kwa ncha moja ya mita na hasi ya betri kwa ncha nyingine. Mita ionyeshe karibu na sufuri. Ikikaribia nusu volti, kwangua kutu na rangi hapo mpaka chuma king'ae, kaza, kisha pima upya. Angalia pia kama soketi imeyeyuka au imebadilika rangi.

Kama mita haipandi, chomoa soketi inayotoka kwenye magneti, weka mita kwenye AC, washa injini. Namba isipopanda na mafuta, koili ndizo mbaya, na regulata mpya haitakusaidia kitu.

Ikibidi kubadilisha, zima injini, ipoe. Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Regulata ni kile kipande cha alumini chenye mapezi, mara nyingi kiko chini ya kiti au chini ya tangi. Kabla ya kuchomoa, chora kwenye karatasi waya gani uko wapi. Usiamini rangi peke yake: athi ya Honda kwa kawaida ni kijani, ya Yamaha nyeusi, ya Suzuki nyeusi yenye mstari mweupe. Tena fundi wa zamani huenda aliunga waya wowote aliopata. Linganisha soketi mpya na ya zamani, pini kwa pini. Safisha mahali pa kufungia, kaza boliti, kisha rudisha betri ukianza na chanya na kumaliza na hasi. Ukigeuza betri, regulata mpya inakufa papo hapo.

Kuna vijana wanafunga regulata kwa juala ili isilowe. Hiyo ni kuipika! Mapezi yale yanahitaji upepo. Wala usichomoe betri injini ikinguruma kwa kujaribu kama inachaji. Stima hupanda ghafla na kuua regulata.

Kisha pima tena kama mwanzo. Ikibaki juu ya 15 na athi ni safi, rudisha regulata dukani na risiti yako. Feki ziko nyingi.

Jadilianeni kikundini: Mwaka uliopita tulinunua betri na balbu ngapi? Nani atatunza mita? Na nani atakuwa anaangalia maji ya betri kila wiki, akiongeza maji ya betri ya dukani, si ya kisima wala asidi?