Dondoo Muhimu: Kabureta ya Injini ya Mbio

Kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye silinda, huleta nguvu pale tu inapolingana na injini yenyewe.

1. Zidisha ujazo wa injini, kwa inchi za ujazo, kwa mizunguko ya juu kwa dakika, kisha gawanya kwa 3,456 upate hewa inayohitajika. V8 ya inchi za ujazo 350 kwa mizunguko 6,000 huhitaji takriban futi za ujazo 608 za hewa kwa dakika.
2. Epuka kabureta kubwa kupita kiasi, kwani hewa hupoteza kasi na injini husita mafuta yanapokanyagwa.
3. Sahihisha kwanza taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, na uzibe mianya inayovuta hewa.
4. Pima kimo cha petroli kwenye chemba ya boya gari likiwa mahali tambarare.
5. Zungusha skrubu ya mchanganyiko kidogo kidogo injini ikiwa imepata moto, hadi mngurumo utulie.
6. Badilisha jeti, yaani kitundu kinachopima petroli, hatua moja moja, kisha kagua plagi: weupe huashiria petroli kidogo, masizi huashiria nyingi.
7. Anza na jeti kubwa, kwa sababu petroli ikipungua mno injini inapobeba mzigo, pistoni huweza kuyeyuka.