Somo la Tano: Kumbukumbu Zilizobaki Ndani ya Disketi

Katika nyumba za wastaafu, katika makabati ya vyama vya ushirika na katika ofisi za shule, bado yapo maboksi ya disketi yaliyofunikwa na vumbi. Juu ya kila disketi kuna lebo iliyoandikwa kwa kalamu: WANACHAMA, MISHAHARA, HISA 91. Hakuna anayeyagusa mpaka siku mtu anapotakiwa kuthibitisha kwamba alilipa. Stakabadhi zimeliwa na mchwa, chama kimebadilisha uongozi mara tatu, na ushahidi pekee wa michango ya miaka mingi umo ndani ya kipande cha plastiki ambacho kompyuta za leo hazina hata tundu la kukipokea.

Mlaji aliye katika hali hiyo hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kuambiwa kwamba kumbukumbu hizo zimekufa, akazitupa, ilhali zingesomeka. Ya pili ni mbaya zaidi: kumkabidhi disketi fundi asiyeijua, naye akaiharibu ndani ya dakika moja na bado akadai malipo. Somo hili linaeleza jinsi kompyuta binafsi za mwanzo zilivyopanga na kuhifadhi taarifa, ili mwenye disketi ajue la kuuliza kabla ya kutoa fedha yake. Mwandishi mwenyewe ni wa kizazi kilichoifahamu disketi kwanza kama picha ndogo ya kitufe cha kuhifadhi. Kwa hiyo hatudhani kwamba msomaji amewahi kuishika.

Majina ya herufi nane

Kompyuta binafsi ya IBM ilipotolewa mwaka 1981, disketi yake ilibeba kilobaiti 160, yaani takriban herufi laki moja na elfu sitini. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo haiwezi kuenea humo. Mfumo wake wa uendeshaji, uliojulikana kama DOS, haukuwa na folda katika toleo la kwanza: mafaili yote yalikaa katika orodha moja. Folda zilikuja na toleo la pili mwaka 1983, pamoja na kompyuta ya IBM iliyokuwa na diski ya ndani ya megabaiti 10. Mpaka hapo, na hata baada ya hapo kwa wale wasiokuwa na diski ya ndani, kupanga taarifa kulimaanisha kupanga disketi zenyewe ndani ya boksi.

Jina la faili nalo lilikuwa na mipaka. Liliruhusiwa kuwa na herufi zisizozidi nane, kisha nukta, kisha herufi zisizozidi tatu. Karani aliyetaka kuandika "Michango ya Machi 1989" alilazimika kuandika MICHMA89, au kifupisho kingine alichokielewa yeye peke yake. Ufunguo wa vifupisho hivyo haukuwa ndani ya kompyuta. Ulikuwa kichwani mwa karani, au katika daftari lililolazwa kando ya mashine.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kumtafuta fundi, litafute daftari hilo. Mtafute na karani wa zamani kama yu hai. Usiibandue lebo hata kama imechakaa. Ipige picha, upige na mpangilio wa disketi ndani ya boksi kabla hujazitoa. Fundi hodari anaweza kuyatoa mafaili mia mbili ndani ya siku moja, lakini hawezi kujua kwamba MICHMA89 ni Machi wala si Mabibo.

Herufi tatu za mwisho zina msaada zaidi, kwa kuwa hutaja aina ya faili. DBF ni orodha iliyotengenezwa kwa dBASE au programu za jamii yake, na ndiyo iliyotumika sana kwa majina ya wanachama na wafanyakazi. WKS au WK1 ni jedwali la hesabu la Lotus 1-2-3, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 1983. BAK ni nakala ya faili kama lilivyokuwa kabla ya kurekebishwa mara ya mwisho. Usikubali litupwe, kwani pengine ndilo lenye safu iliyofutwa.

Mitego ya kusoma

Faili la DBF husomeka bila shida na programu za leo, ikiwemo LibreOffice inayopatikana bure. Hata hivyo, lina mambo matatu ambayo yamewahi kuwaponza wengi.

La kwanza ni maelezo marefu. dBASE iliyaweka katika faili la pili lenye jina lilelile na herufi DBT mwishoni. Fundi akinakili DBF peke yake, majina na kiasi cha fedha vitaonekana, lakini maelezo kama "amelipa nusu, salio mwezi ujao" yatabaki nyuma.

La pili ni kufuta. Mtumiaji wa dBASE alipomfuta mwanachama, programu iliweka alama tu kwenye mstari wake. Mstari wenyewe uliendelea kuwepo hadi alipotoa amri nyingine ya kuiondoa kabisa mistari yenye alama. Matokeo yake ni kwamba orodha inayofunguliwa leo inaweza kumwonyesha kama mwanachama hai mtu aliyejitoa, au kumficha mtu aliyefutwa kwa makosa. Mwulize fundi kama mistari yenye alama ya kufutwa imo katika orodha aliyokuletea, na umtake aiwekee safu yake.

La tatu ni tarehe. Programu hizi zilitoka Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Tarehe 04/03/89 ikichapwa hivyo ni Aprili 3, si Machi 4. Katika mgogoro wa kuchelewesha malipo, tofauti hiyo yatosha kumfanya mtu aliyelipa kwa wakati aonekane mdaiwa. Tafuta mstari wenye namba inayozidi 12. Huo ndio utakaoonyesha mwezi umekaa wapi.

Barua na mihtasari ya vikao ina kioja chake. Programu ya WordStar, iliyopendwa sana kabla ya Windows, iliibadilisha kwa siri herufi ya mwisho ya maneno ili kupanga mistari. Ukiifungua barua hiyo kwa programu ya kawaida, kila neno huishia na alama ya ajabu. Wapo wanaoambiwa kwamba faili limeharibika na kwamba ukarabati wake ni wa gharama. Faili ni zima. Kazi iliyobaki ni ya kubadilisha herufi hizo tu.

Kabla disketi haijaingizwa popote

Pima upana wake. Yenye sentimita tisa hivi, yenye ganda gumu, ni ya inchi tatu na nusu, na husomeka kwa kiendeshi cha nje kinachochomekwa kwenye kompyuta ya kisasa. Yenye sentimita kumi na tatu hivi, inayopinda, ni ya inchi tano na robo. Hiyo huhitaji kiendeshi cha zamani na vifaa vya kukiunganisha. Usinunue kifaa kabla ya kupima.

Kisha izuie isiandikwe. Hapa watu hukosea kwa sababu aina hizi mbili hufuata kanuni zinazopingana: disketi ngumu huzuiwa kwa kukifungua kitundu chake cha pembeni, na ile inayopinda huzuiwa kwa kuliziba pengo lake kwa karatasi ya gundi.

Ikague dhidi ya mwanga. Katika miji ya pwani, unyevu huotesha ukungu juu ya utepe wa ndani, na disketi yenye ukungu ikizungushwa hukwaruzwa, kisha huchafua kiendeshi kitakachoiharibu disketi inayofuata. Ukiona madoa, isiingizwe mpaka isafishwe na anayeijua kazi hiyo.

Kompyuta ikishindwa kuisoma disketi, huuliza kama unataka iandaliwe upya. Jibu ni hapana, kila mara. Kuandaa upya ni kufuta, na katika disketi mara nyingi hakuna kurudi nyuma.

Makubaliano na fundi

Taka bei kwa maandishi, na malipo ya uchunguzi yatengwe na malipo ya kutoa kumbukumbu. Kazi ya kwanza iwe ni kutengeneza nakala kamili ya disketi nzima, ikijumuisha sehemu zinazoonekana tupu, kwa kuwa faili lililofutwa chini ya DOS hubaki mahali pake hadi jingine liandikwe juu yake. Kazi nyingine zote zifanyike juu ya nakala hiyo. Mwishoni upokee vitu vitatu: nakala kamili, mafaili ya asili yasiyoguswa, na toleo linalosomeka. Karatasi zilizochapwa peke yake hazitoshi.

Sharti hili lina sababu ya kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini katika kuupima uzito, mahakama huangalia namna taarifa ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Andika basi ni nani aliyeitoa disketi kabatini, lini, na ilipita mikononi mwa nani. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Kumbuka vilevile kwamba orodha ya wanachama si mali yako peke yako. Ina majina na mishahara ya wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda wao pia. Katika makubaliano, fundi aahidi kufuta nakala zake baada ya kukukabidhi kazi.

Mafaili mapya yape majina marefu, mwaka ukitangulia: "1989-03 Michango ya wanachama". Nakala moja ikae kwako, nyingine katika jengo jingine. Disketi yenyewe irudishe katika boksi lake, mahali pakavu na mbali na spika za redio, na isitupwe kabla shauri halijaamuliwa na muda wa rufaa haujapita.