Vifaru Wasio na Pembe

Ukiulizwa utamtambuaje kifaru, bila shaka utajibu: kwa pembe zake. Lakini zamani sana waliishi vifaru wa aina nyingi ambao hawakuwa na pembe hata moja.

Mkubwa miongoni mwao huitwa Paraseratheriumu. Aliishi Asia, katika nchi ambazo leo ni Pakistani, China na Mongolia, akatoweka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kimo chake mabegani kilikaribia meta 5. Uzito wake ulifika tani 15 au zaidi, yaani kama tembo dume wawili. Kwa shingo yake ndefu alikula majani ya juu ya miti, kama afanyavyo twiga.

Tumejuaje kuwa alikuwa kifaru? Ni kwa meno yake. Mikunjo ya magego yake ya juu hufanana na ya vifaru wengine.

Tena, tumejuaje kuwa hakuwa na pembe? Pembe ya kifaru si mfupa. Imefanyika kwa keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha zako. Kifaru afapo, kwa kawaida pembe huoza na mifupa hubaki. Hata hivyo, pembe huacha alama: mahali ilipoota, mfupa wa pua huwa na vinundu na huparuza ukiguswa. Fuvu la Paraseratheriumu halina alama hiyo.

Vifaru wa kwanza duniani hawakuwa na pembe. Pembe zilitokea baadaye katika baadhi ya koo zao. Paraseratheriumu si babu wa vifaru wa leo. Ukoo wake ulikuwa tawi jingine la mti ule ule, nalo lilikauka.

Leo yamebaki matawi machache tu: aina 2 za vifaru katika Afrika na aina 3 katika Asia. Majangili huwaua kwa ajili ya pembe, ambayo ni keratini tu. Mwaka 2018 dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini alikufa nchini Kenya. Paraseratheriumu alitoweka kabla watu hawajakuwako. Vifaru wa leo tunao, na twaweza kuwalinda.

Zoezi
1. Kwa nini ni vigumu kupata pembe za vifaru wa kale?
2. Gusa ukucha wako, kisha gusa mfupa mkavu wa kuku. Eleza tofauti zake.
3. Mwenzako asema, "Asiye na pembe si kifaru." Utamjibuje?