Makapi ya Chakula na Utumbo Msumbufu

Katika mashine za nafaka za Nyakato, kandokando ya barabara iendayo Musoma, mahindi yana njia mbili. Yakisagwa yote hutoka dona. Yakikobolewa kwanza hutoka sembe nyeupe, na pumba huachiwa kuku na ng'ombe. Katika pumba hizo ndimo yanamobaki makapi mengi ya punje, yaani sehemu ya mmea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuiyeyusha. Zamani makapi yalihesabiwa kuwa takataka tu. Miongoni mwa waliobadili fikira hiyo ni madaktari waliofanya kazi ng'ambo ya ziwa hili hili.

Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alikuwa Uganda tangu 1946 hadi 1966. Yeye na mwenzake Hugh Trowell waliona kwamba maradhi kadhaa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu Mulago. Mwaka 1972 Burkitt, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, walitangaza vipimo vyao. Watu walimezeshwa vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha choo chao kikapigwa picha mpaka vidonge vitokee. Kwa wanakijiji wa Uganda safari hiyo ilichukua saa 36 hivi, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 470. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao ilizidi saa 80, na uzito ulikuwa gramu 104 tu.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Kila siku lita 9 hivi za majimaji, yale yanayonywewa pamoja na yale yanayotolewa na mwili wenyewe, huingia katika utumbo mwembamba. Kiasi cha lita moja na nusu hufika utumbo mpana, nao huyanyonya karibu yote. Choo kinachokawia huzidi kunyonywa maji, kikawa kigumu na chenye kuumiza. Makapi hukiongezea wingi na kukihimiza kwenda.

Kutokana na habari hizo ulienea ushauri mwepesi: kila mwenye kufunga choo apewe pumba. Kwa watu wengi ushauri huo ulifaa. Lakini kwa wenye utumbo msumbufu haukuwa hivyo.

Utumbo msumbufu ni hali ambayo mtu huumwa tumbo mara kwa mara, maumivu hayo yakiambatana na kwenda haja au na mabadiliko ya choo, hali utumbo ukitazamwa hauonekani kuwa na kidonda wala uvimbe. Kwa kanuni za kimataifa za 2016, maumivu yawepo walau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na dalili ziwe zimeanza miezi sita au zaidi kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Wengine huharisha, wengine hufunga choo. Mishipa ya fahamu ya utumbo huo ni myepesi kuhisi. Hewa kidogo isiyomsumbua mwingine, huyu humkunja.

Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walitangaza jaribio la wagonjwa 275. Kundi moja lilipewa pumba za ngano, la pili maganda ya mbegu za isabgoli, la tatu unga usio na dawa, kwa majuma 12. Isabgoli ilileta nafuu. Pumba hazikuleta nafuu ya maana, na waliopewa pumba ndio walioacha jaribio kwa wingi zaidi, wengi wao kwa kuzidiwa.

Tofauti imo katika aina ya makapi. Yale ya pumba hayayeyuki majini. Hukwaruza ukuta wa utumbo nao ukatoa maji na ute. Mwaka 1988 Waingereza wawili walidhihirisha jambo hili kwa kuwalisha watu chembe za plastiki zenye ukubwa kama wa pumba, na choo chao kikaongezeka vilevile! Makapi ya isabgoli hufyonza maji yakawa kama uji mzito unaoteleza, wala bakteria hawayachachushi upesi. Utelezi wa bamia na wa mlenda ni wa jamaa hiyo. Darasani yatosha kuwa na glasi mbili za maji: moja itiwe kijiko cha pumba, nyingine bamia iliyokatwakatwa. Baada ya saa moja pumba zitakuwa chembe zile zile. Maji ya bamia yatavutika kijikoni.

Sasa itazamwe sahani ya shule ya bweni, ugali wa sembe na maharage. Sembe ina makapi haba. Maharage yanayo, lakini yana pia sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo mwili hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa hewa. Mwenye utumbo msumbufu hupata taabu pande zote mbili. Kuyaacha maharage si shauri jema, kwani ndiyo protini ya wengi. Yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya, na aanze na kiasi kidogo. Mlenda, bamia na papai viongezwe polepole kwa majuma kadhaa, pamoja na maji ya kunywa. Dona haikatazwi, bali ikizidisha maumivu asilazimishwe. Tena mwanafunzi anayejizuia haja kutwa nzima kwa sababu choo cha shule hakina mlango hataponywa na mlenda peke yake.

Katika mwambao wa Ziwa Victoria kuna hadhari moja zaidi. Kichocho cha matumbo, kinachoambukizwa kwa kuoga au kuvua katika maji yenye konokono wa ugonjwa huo, nacho huleta maumivu ya tumbo, na pengine damu katika choo. Hicho hutibiwa kwa prazikwantel, si kwa mlo. Basi choo kipimwe kwanza. Na mwenye kutokwa damu, kukonda, homa, au kuamshwa usiku na maumivu aende hospitali kabla ya kubadili chakula chochote.